Jalada Kichwa Chini

Katika nyumba ya Fundi Jalada, vitabu vililala pazuri kuliko watu.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba viwili na sebule. Chumba cha kwanza paa lake lilivuja, na humo ndimo Fundi na mkewe walimolala, ndoo ikiwa katikati ya kitanda na kabati. Chumba cha pili kilikuwa kikavu kabisa. Dirisha lake lilitazama upande usiopigwa na jua la mchana, na mlango wake ulifungwa kwa ufunguo. Rafu zilitoka sakafuni hadi darini, na juu ya rafu vilisimama vitabu, vyote vya jalada gumu, migongo imenyooka sawasawa. Ili uingie humo ilibidi unawe mikono, uikaushe, kisha uinyooshe mbele ya Fundi aikague kama mwalimu wa zamu. Hata mkewe wa ndoa alinyoosha mikono.

Fundi alikuwa amejalidi vitabu kiwandani maisha yake yote ya kazi. Kiwanda kilipofilisika, wafanyakazi waliambiwa wachukue mafao yao kwa bidhaa. Wenzake walibeba vitabu wakaviuza wiki ileile, vingine vikaishia kwa wauza karanga, vikachanwa kurasa za kufungia. Fundi alivileta vya kwake nyumbani, akavipanga, akafunga mlango. Kusoma hakuvisoma. Kusoma alikujua vizuri, lakini alikuwa na msimamo wake. Kwake yeye kitabu hukamilika pale gundi inapokauka, na yote yanayofuata ni uharibifu.

"Adui wa kitabu si mchwa," alipenda kusema. "Mchwa unamwekea dawa. Adui wa kitabu ni msomaji."

Mkewe alikwisha kuizoea kauli hiyo, kama alivyoizoea harufu ya gundi iliyomfuata hadi sokoni na kuufanya mtaa mzima umwite Mama Gundi. Jina hilo hakulipenda, lakini aliliitikia, maana mtu hawezi kugombana na mtaa mzima halafu akapata wa kumwazima chumvi.

Siku binti yao alipopiga simu, Mama Gundi alikuwa anachagua mchele. Binti hakulia, na hilo ndilo lililomtia hofu mama yake.

"Mama, ndoa imekwisha. Mwisho wa mwezi nakuja nyumbani na mtoto."

"Njooni. Nyumba ipo."

Alipokata simu aliutazama ule mlango wenye ufunguo. Nyumba ilikuwepo kweli. Ila nafasi ndiyo haikuwepo.

Fundi alikuwa amechuchumaa anatia mafuta bawaba za mlango huohuo.

"Binti yako anarudi," mkewe alimwambia.

"Anarudi kutoka wapi?"

"Kwa mumewe. Anakuja na mtoto, na harudi tena kule."

Fundi alisimama taratibu, kitambaa cha mafuta mkononi. Alimpenda binti yake, tena sana, na habari ile ilimchoma. "Pole yake. Aje. Hapa ni kwao."

"Basi nataka chumba."

"Chumba gani?"

"Usinitoe roho, mume wangu. Viko vingapi?"

Fundi alikohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayetafuta muda. "Sebuleni tutatandika godoro."

"Pale mlangoni? Upepo unaingia chini ya ule mlango kama mwenye nyumba! Mtoto ana miaka miwili, na tangu azaliwe kifua chake kibovu. Unataka alale pale?"

"Tutaziba na gunia."

"Ziba na gunia halafu uweke vitabu pale, mtoto alale chumbani."

"Vitabu?" Fundi alimtazama kama aliyetukanwa. "Mama, karatasi inanywa unyevu. Jalada linajikunja, uzi unalegea. Ndani ya mwezi mmoja vyote vimevimba."

"Na mtoto yeye hanywi unyevu?"

"Mtoto ana mama yake. Vitabu vina mimi tu."

Mama Gundi aliondoka akaenda jikoni akafunika mchele kwa kishindo, na Fundi, ambaye katika ndoa yao alikwisha kujifunza maana ya kila kishindo cha mfuniko, alimfuata. Alisimama mlangoni mwa jiko. Akasema kwa sauti ya chini kwamba atavitoa, Mungu ni shahidi, atavitoa kabla binti hajafika. Lakini havitoki kwenda gengeni. Vikitoka, viende mahali vitakapoheshimiwa.

---

Kabla ya hapo mahali pamoja palikwisha kujitokeza, ila Fundi alipakataa.

Mtu mmoja aliyekuwa anafungua hoteli mpya alikuja na kamba ya kupimia. Mtaa ulikwisha kumpachika jina la Bwana Hoteli hata kabla hoteli yenyewe haijapakwa rangi. Alitaka kuujaza vitabu ukumbi wa mapokezi. Alipima rafu moja, akapima nyingine, akaandika kwenye simu yake, akasema anavitaka vyote, atanunua kwa mita.

"Kwa mita?" Fundi aliuliza. "Kama kitambaa cha pazia?"

"Mzee wangu, mimi nataka migongo. Rangi nyekundu huku, kijani kule. Wageni hawatavigusa. Tutavigundisha kwenye rafu visianguke."

Maskini, alidhani anatoa sifa. Kwa kweli, mtu akitafuta mahali duniani ambapo kitabu hakitaguswa na msomaji hata mmoja, hapati pazuri kuliko hapo, na kama Fundi angefuata msimamo wake mwenyewe angemkumbatia yule bwana. Lakini alisikia neno "kuvigundisha" na damu ikampanda. Gundi juu ya jalada lake! Alimwonyesha mlango. Bwana Hoteli akaondoka bila kinyongo, akamwambia Mama Gundi nje kwamba mpaka mwisho wa mwezi nafasi yao ipo, maadamu vitabu ni vipya hivyohivyo.

Sasa, baada ya simu ya binti, Mama Gundi alimkumbusha mumewe habari za Bwana Hoteli. Fundi alitikisa kichwa. Alikuwa amesikia redioni kwamba jumba la makumbusho linaandaa maonyesho ya historia ya kitabu. Hakutaka kusikia jingine. Historia ya kitabu! Na nani aliye na vitabu vizima kuliko yeye?

Alipiga simu. Mtafiti aliahidi kufika.

---

Mtafiti wa makumbusho alikuwa dada mwenye miwani na mfuko mkubwa begani. Aliwaamkia wote wawili shikamoo, akanawa mikono bila kuambiwa, kisha akatoa mfukoni glavu nyeupe akazivaa. Fundi alipoziona zile glavu nusura machozi yamtoke. Alimgeukia mkewe kwa jicho la "umeona?".

Dada wa Makumbusho alichukua kitabu cha kwanza, akakifungua. Mgongo ulilia krak. Akachukua cha pili. Krak. Cha tano, cha kumi, kila kimoja kililia vilevile kama kiti kipya kinachokaliwa kwa mara ya kwanza.

"Baba, hivi havijawahi kufunguliwa."

"Asante, mwanangu," Fundi alisema, na kichwa kikamvimba.

Dada akatabasamu kwa shida. Alikaa sebuleni, akakubali maji, akaanza kueleza kwa upole. Maonyesho yao, alisema, hayahusu yaliyomo ndani ya vitabu. Yanahusu jinsi watu walivyoishi na vitabu: nani alivishika, nani alivilalia, nani alilia juu yavyo. Walikuwa wamepata kitabu kilichotafunwa na mbuzi. Walikuwa nacho kingine kilichozuia mlango wa kituo cha polisi kwa miaka mingi, nusu kimeliwa na mlango wenyewe. Kimoja kilikuwa na nta ya mishumaa ya mtu aliyesoma usiku kwa siri, na kingine kilikuwa na alama ya duara ya kikombe kwenye kila sura, hata ungeweza kujua mwenyewe alifika wapi kila asubuhi.

Fundi alisikiliza kama mtu anayesimuliwa ajali ya barabarani.

"Vya kwako, Baba, usinielewe vibaya, ni vizima mno."

"Vizima mno."

"Havina historia. Sisi tunatafuta madoa, maandishi pembeni, viraka. Kama ungekuwa na vya namna hiyo, hata vyote ningevichukua. Nafasi ya ghala tumepata mpya." Alisimama, akafunga mfuko. "Alhamisi tutapita mtaa huu na gari. Mkikumbuka chochote, nitakuwa hapa."

Alipokwisha kutoka, Mama Gundi alisema, "Basi tumwite Bwana Hoteli."

Fundi hakumsikia. Alikuwa amekaa palepale, macho kwenye mlango wa chumba, na midomo yake ilikuwa ikisema kitu bila sauti. Mkewe alimjua. Mumewe alikuwa anapiga mahesabu, na mahesabu ya mumewe hayakuwahi kuiletea nyumba ile heri.

"Historia," alisema mwishowe. "Mama, chemsha chai."

"Umepata mgeni?"

"Chemsha sufuria kubwa. Ya rangi, iwe nzito."

---

Siku tatu zilizobaki kabla ya Alhamisi, Mama Gundi alishindwa kuamua acheke au aite jirani.

Fundi aliketi sakafuni na sufuria ya chai, brashi yake ya gundi, penseli na rula. Rula! Alikuwa fundi, na hakuweza kuharibu kitu bila kukipima. Kila kitabu alikifungua ukurasa uleule, akapima kutoka ukingoni, akadondosha chai mahali palepale. Doa la kwanza lilipoingia kwenye karatasi, alifumba macho. Lilipotanda, alitoa sauti kama ya mtu aliyefinywa, akaweka kitabu chini, akalia. Alilia kweli, kwa kwikwi, huku kashika brashi.

Mama Gundi alikaa karibu yake akamshika bega. "Acha basi. Nani kakulazimisha?"

"Mjukuu wangu atalala wapi?" Fundi alisema, akafuta pua kwa mkono ambao kwa miaka yote hakuruhusu upite karibu na vitabu bila kuoshwa. "Nilisema nitavitoa. Ninavitoa."

Hapo hasira yote ya mkewe ilimwishia. Alivuta mkeka, akachukua kijiko, wakaanza kuharibu wote wawili.

Baada ya chai yalikuja maandishi. Fundi alishikilia kuyaandika yeye, kwa penseli moja na mwandiko mmoja, wa herufi za kiwandani zilizosimama wima. Kuyasoma yaliyomo kurasani hakuona sababu. Alisikia watu huandika hisia zao pembeni, basi aliandika hisia. Mama Gundi alipopokea kitabu cha tiba ya mifugo, akafungua penye habari za kuhara kwa ndama, alikuta pembeni pameandikwa: *Hapa umenigusa moyo.*

"Baba, hii ni habari ya kuhara."

"Wapo watu wanaopenda ndama."

Katika majedwali ya logariti aliandika *Nimelia sana*. Katika mwongozo wa kushona makoti: *Uongo! Mimi nilikuwepo.* Mama Gundi alicheka mpaka akashika ubavu, na Fundi, aliyeanza kwa kukasirika, naye akacheka. Kwa muda mrefu nyumba ile haikusikia vicheko vya namna hiyo. Ikafika Jumatano vitabu vimeanikwa kila mahali, juu ya viti, juu ya kitanda, kando ya ndoo, vimevimba vinanuka kama mgahawa wa stendi.

---

Alhamisi Dada wa Makumbusho alikuja na gari na vijana wawili wa kubeba. Fundi alivaa koti.

"Tumekumbuka," alimwambia. "Vilikuwa nyuma."

Dada alifungua kitabu, akafungua kingine. Alivipanga vitano kando kando, vyote kwenye ukurasa uleule, na madoa matano yakajipanga kwenye mstari mmoja ulionyooka kabisa. Aliinama akanusa. Wale vijana wa kubeba walitazamana, mmoja akageukia ukuta, mabega yakitikisika.

"Baba, hii chai ni ya lini?"

"Ya zamani," Fundi alisema.

"Zamani gani?"

Fundi alinyoosha kola ya koti lake. Mama Gundi alitamani ardhi ipasuke iwameze na sufuria yao. Dada hakucheka, wala hakugomba. Ingekuwa nafuu angegomba. Alifunga vile vitabu kimoja kimoja, kwa adabu ile wanayoitumia watu wa hospitali, akasema, "Mmejitaabisha sana." Kisha akaomba maji ya kunawa, maana vidole vilikuwa vimenata.

Mama Gundi akampeleka jikoni. Na jikoni, chini ya chungu cha maharage, kulikuwa na kitabu.

Kilikuwa kitabu cha hisabati za shule. Jalada lake lilikuwa limefungwa kichwa chini: ukikisimamisha jina lisomeke, kurasa zote zimepinduka. Katika maisha yake yote ya kazi Fundi alikosea mara moja, na kosa lenyewe lilikuwa hilo. Alikifunga siku binti yao alipozaliwa. Habari ilimfikia kiwandani gundi ikiwa bado mbichi, akalibandika jalada akiwa keshavua aproni, akakimbia. Baadaye alikileta nyumbani kwa siri, akamwambia mkewe akitie motoni. Mama Gundi alikiweka chini ya chungu, karibu ya kutosha na moto, kikakaa hapo miaka yote. Pembeni mwa hesabu aliandika alichohitaji: binti alipoota jino, jirani aliyeazima kinu, vipimo vya dawa ya kikohozi aliyofundishwa na mkunga, kitu gani kilimfaa binti homa ilipopanda. Kilikuwa na masizi, mafuta, na kona iliyotafunwa na binti mwenyewe alipokuwa anaota meno.

Dada alikishika kwa mikono miwili. Alisahau kunawa.

"Mama," alisema, na sauti ilikuwa imebadilika. "Hiki."

"Hicho nakitumia."

"Ndiyo maana."

Fundi, aliyekuwa amewafuata, alikiona kitabu akasawijika. "Hicho kilichomwe! Mama, si nilikwambia ukichome? Dada yangu, usikitazame hicho, jalada lake ni kichwa chini."

"Nimeona!" alisema Dada, na macho yalimng'aa zaidi.

"Basi kichukue na vile vingine," Mama Gundi aliwahi. "Chukua vyote, uniachie chumba."

"Mama, siwezi. Hatuna nafasi ya vitu visivyo na... Nachukua hiki kimoja tu."

Mama Gundi alikuwa tayari kukataa. Kitabu ni chake, na yaliyomo humo hayapo penginepo. Lakini alimtazama mumewe kwenye mlango wa jiko, koti limemlegea mabegani, mikono imening'inia, mtu aliyekwisha kuchekwa na wabeba mizigo nyumbani kwake. Akawaza kwamba hata kimoja kikienda, kazi ya mkono wake itakuwa imeingia jumba la makumbusho. Alimwonea huruma. Kwa huruma hiyo tu, alikifuta masizi kwa kanga yake, akakitoa.

Fomu ya kupokelea alijaza Fundi, kwa kuwa ndiye mwenye nyumba. Jina la Mama Gundi halikuulizwa.

---

Bwana Hoteli aliitwa siku iliyofuata. Alikuja na kamba yake, akavuta kitabu kimoja rafuni, kikatoka na jirani yake kwa kuwa vilikuwa vimegandana. Alikigeuza huku na huku.

"Mzee, nyumba iliungua mkazima kwa chai?"

Hakupima hata rafu moja. Wageni wake, alisema, wangedhani hoteli inavuja.

Jumapili binti akaja, na begi moja na mtoto mgongoni. Baba yake alimkumbatia muda mrefu. Kisha alimwonyesha godoro sebuleni na gunia alilolisokota kwa ustadi chini ya mlango, akamweleza kwamba mambo ya vitabu yamekwenda mrama kidogo, ila yanashughulikiwa. Binti alisema, "Haina shida, Baba." Alikuwa ametoka kwenye nyumba ambako kila kitu kilikuwa na shida, na hakuwa na nguvu za kudai chumba.

Gunia halikufua dafu. Siku ya tatu mtoto alianza kukohoa.

---

Maonyesho yalipofunguliwa walialikwa wote. Mtoto alikuwa na kifua kinachokoroma, lakini hapakuwa na wa kumwachia, basi wakaenda naye.

Kitabu cha Mama Gundi kilikuwa na chumba chake. Kilikaa ndani ya sanduku la kioo, juu ya mto wa kitambaa, taa ndogo ikikimulika bila kukiunguza. Kimashine ukutani kilipima unyevu, kingine kilipuliza hewa kavu. Mlinzi mwenye sare alisimama kando yake, asije mtu akakipumulia. Mama Gundi aliliona lile sanduku, kisha akayasikia mapafu ya mjukuu wake mgongoni kwa binti yake, akashindwa hata kutabasamu.

Chini ya kioo palibandikwa maelezo, na Fundi aliyasoma kwa sauti ili wote wasikie. *Kitabu cha jikoni. Kimetolewa na fundi mstaafu wa majalada. Maandishi ya pembeni ni ya mwanamke asiyejulikana. Jalada limegeuzwa, huenda kwa makusudi. Watafiti wanaona hapa ukaidi wa kimyakimya wa wafanyakazi wa viwandani.*

"Asiyejulikana," alisema Mama Gundi.

Lakini watu walikwisha kumzunguka mumewe. Bwana mmoja mwenye tai alimpa mkono, akamwuliza kama ni yeye yule fundi. Mwingine akataka kujua ukaidi wenyewe ulipangwaje, walikuwa wangapi. Fundi, ambaye wiki mbili nyuma alichekwa na wabeba mizigo, alivuta pumzi na kurefuka.

"Tulikuwa na njia zetu," alisema.

Binti alisogea na kukitazama kitabu. Uso wake ulifunguka kwa mara ya kwanza tangu arudi. Hadithi hii alikua nayo. Mama yake alimsimulia mara nyingi pale jikoni.

"Baba! Si ndicho kile ulichokosea siku niliyozaliwa? Uliposikia nimezaliwa ukakimbia?"

Watu walimgeukia Fundi. Bwana mwenye tai alikuwa bado ameshika mkono wake. Fundi alimtazama binti yake, akawatazama wale watu, akacheka kicheko kifupi.

"Hapana, mwanangu. Hilo ni la mama yako kutia chumvi. Ule ulikuwa ukaidi."

Binti alimpandisha mtoto mgongoni, akarudi nyuma hatua chache, akajifanya anasoma maelezo ya kitabu cha mbuzi. Mama Gundi aliona, na likamkata maini kuliko lile la "asiyejulikana". Mtoto akaanza kukohoa, kikohozi kirefu kikavu, na mlinzi akawaomba wasogee mbali kidogo na kioo.

"Baba mlinzi," alisema Mama Gundi, "tafadhali nifunulie kurasa chache mbele. Pana vipimo vya dawa ya kikohozi. Nimevisahau, niliviandika ili nisivikumbuke."

"Hairuhusiwi kugusa, Mama."

"Mwandiko ni wangu."

Mlinzi alisoma maelezo, akamtazama, akasoma tena. "Hapa wanasema hajulikani."

Dada wa Makumbusho aliitwa, akaja, akasikitika kwa dhati. Sanduku, alieleza, limefungwa mpaka maonyesho yaishe. Likifunguliwa hewa itabadilika, na kitabu cha hali ile kinahitaji mahali pakavu, pasipo upepo. "Unajua, Mama, kikipigwa na baridi tu, kinaharibika."

"Najua," alisema Mama Gundi.

---

Walirudi nyumbani. Mama Gundi aliingia moja kwa moja, akauchukua ufunguo kwenye msumari wake, akafungua chumba cha vitabu. Mikono hakunawa. Alikumbatia vitabu vya rafu ya chini, vingi kadiri alivyoweza, akavitoa akavimwaga sebuleni kando ya mlango.

"Unafanya nini?" Fundi aliuliza.

"Natengeneza historia."

"Pale pana upepo! Pana unyevu!"

"Panafaa. Mjukuu wako amepajaribu."

Fundi alimgeukia binti yake kutafuta mtetezi. Binti alikuwa ameketi kwenye ukingo wa godoro, anamsugua mtoto kifua, hakuinua uso. Fundi alisimama hapo na koti lake la maonyesho. Alitaka kusema kitu kuhusu ile siku, yale mafuriko ya furaha, jinsi alivyokimbia na aproni mkononi mpaka kwa mkunga. Alikuwa nayo yote kifuani. Lakini neno la kuanzia hakulipata, na mkewe alipita tena mbele yake na mzigo mwingine. Basi akavua koti, akaingia chumbani, akaanza naye kubeba, mwanzo kimoja kimoja kwa mikono miwili, halafu vitatu, halafu kumi kumi.

Jua lilipozama, godoro lilikuwa chumbani, na mtoto alikuwa amelala katikati yake, miguu na mikono ameitawanya. Fundi hakukubali kuviacha vitabu peke yake siku ya kwanza. Alitandika mkeka mlangoni, akalala navyo.

Asubuhi mtoto aliamka amenyamaza kifua, akadai uji. Aliyekuwa anakohoa ni babu. Alikuja jikoni amejifunika shuka mpaka masikioni, macho mekundu, sauti imemkauka.

"Mama," alisema, "ile dawa ya kikohozi ilikuwa ya nini na nini?"

Mama Gundi aliendelea kukoroga uji.

"Imeandikwa."

"Wapi?"

"Makumbusho. Wanafungua saa tatu." Alimimina uji wa mtoto kwenye bakuli, akapuliza. "Nenda mapema, kuna foleni. Na usikikaribie kioo ukiwa hivyo, watakufukuza."